Muulizeni Angali Anaweza Kujibu

Muuza asali mmoja wa miaka 53 alifika kliniki yetu hapa Tabora akisindikizwa na mkewe. Wote wawili wameridhia nisimulie habari zao, na mambo mawili matatu nimeyabadili ili wasitambulike. Nasimulia kwa ajili ya familia zinazofikiria kushiriki utafiti wa demensia, ugonjwa wa ubongo unaowapata hata watu wa makamo. Mzee wetu hakuletwa kwa sababu ya kusahau. Bei ya ndoo ya asali ya msimu uliopita aliitaja bila kusita. Kilichobadilika ni tabia. Mtu mpole, aliyeheshimika sokoni, alianza kuchota karanga kwenye sinia za wenzake bila kuomba, akawa anacheka msibani, na pesa za mauzo akazigawa kwa watu asiowajua. Wapo waliosema amelogwa. Wengine wakasema ni pombe, naye hanywi. Miaka miwili ikaishia kwa waganga na kwenye maombi.

Nilimpa njiti nne za kiberiti, nikapanga za kwangu nne mezani, nikamwomba apange vivyo hivyo. Zoezi hili limo katika kipimo kilichotokana na utafiti wa demensia wa wilayani Hai, Kilimanjaro. Wazee wengi kule hawakuwahi kushika kalamu, lakini kiberiti nani hakijui? Alipanga sawasawa kabisa. Kisha akazikusanya njiti zote, zake na zangu, akazirudisha kwenye kiberiti, akakitia mfukoni na kuinuka aende zake. Mkewe akainamisha uso.

Demensia ni kudhoofika kwa kazi za ubongo hadi mtu anashindwa shughuli zake za kila siku. Ikianza kabla ya miaka 65 tunaiita demensia ya mapema, na mara nyingi huanza kwa namna hii: tabia, lugha au macho kushindwa kutambua vitu, huku kumbukumbu bado ipo. Si jambo jipya. Mgonjwa maarufu wa daktari Alois Alzheimer, aliyepokewa hospitalini Frankfurt mwaka 1901, alikuwa mwanamke wa miaka 51. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 yanasema watu wapatao milioni 3.9 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 64, wanaishi na hali hii. Kutoka kwetu Afrika takwimu ni haba mno. Hata utafiti ule wa Hai, ambao ninauheshimu sana, ulihesabu watu wa miaka 70 na kuendelea. Muuza asali wetu asingehesabiwa.

Hilo linaniuma, kwa sababu ubongo wa mtu wa makamo huku kwetu unapitia mambo yake. Kuna VVU. Kuna kaswende ya miaka mingi isiyotibiwa. Kuna malale yaletwayo na mbung'o, ambayo watu wa Urambo na Kaliua, mkoani kwetu, hawahitaji kuelezwa. Kuna presha inayoleta viharusi vidogo vidogo, kuna upungufu wa vitamini B12, na kuna damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya ajali ya bodaboda. Baadhi ya hayo yanatibika. Kwa hiyo kabla hujafikiria kushiriki utafiti wowote, mpeleke mgonjwa apimwe. Asije akaandikiwa demensia isiyopona, kumbe ni malale.

Kushiriki utafiti wenyewe mara nyingi ni maswali, mazoezi ya kumbukumbu, damu kidogo, na pengine picha ya ubongo. Mtu wa karibu huulizwa pia, peke yake, kwa kuwa mgonjwa mara nyingi haoni mabadiliko yake mwenyewe. Si matibabu, na atakayewaahidi uponyaji ili mtie saini, msimwamini. Faida yake huonekana taratibu. Kule Antioquia, nchini Kolombia, kuna koo ambazo kwa kurithi hupata ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, wakiwa na miaka ya arobaini. Wamekuwa wakishirikiana na watafiti tangu miaka ya 1980, na kupitia wao dunia imejifunza kwamba ubongo huanza kubadilika miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau.

Najua hofu ya damu. Wengi tumelelewa na hadithi za mumiani, na sioni sababu ya kumcheka mtu anayeuliza damu yake inakwenda wapi. Uliza! Utafiti wa afya nchini lazima uwe na kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ndiyo yenye kamati ya taifa inayopitia maombi hayo. Sampuli hazitoki nje ya nchi bila makubaliano yaliyoidhinishwa. Omba kukiona kibali, omba nakala ya fomu ya ridhaa, na kama husomi vizuri, dai usomewe mbele ya shahidi wako mwenyewe. Nauli hurudishwa. Mkijitoa katikati, matibabu yenu ya kawaida hayaguswi.

Lakini kuna jambo moja ambalo familia nyingi hulichelewesha. Ndugu hukaa kikao, kaka mkubwa anaamua, na mgonjwa ameketi pembeni kama mgeni. Katika miezi ya mwanzo mgonjwa bado anaweza kusema anachotaka na asichotaka. Baadaye atalazimika kusemewa, na anayemsemea atabaki kukisia.

Tulipozungumzia mumewe kushiriki utafiti, mke wa muuza asali aliniuliza: "Daktari, na siku akisahau kwamba alikubali?" Nikamjibu kuwa ridhaa huombwa upya kila mara, na akivuta mkono au akigeuza uso, huko ni kukataa, hata kama fomu ina saini yake. Kisha tukamgeukia mwenyewe, tukamweleza taratibu, kitu kimoja kimoja, na kumrudishia maswali hadi tulipoona ameelewa. Maswali, sawa. Damu ya mkononi, sawa. Picha ya kichwa, sawa, ila mkewe awepo. Sindano ya kuchukua maji ya uti wa mgongo, hapana. Alilirudia hilo mara tatu, akigonga meza.

Mkewe alitoa kwenye mkoba daftari la madeni ya asali, akafungua ukurasa mtupu, akaandika yote manne pamoja na tarehe. Mume akalivuta daftari, akasoma kwa sauti, akatia saini yake chini.