Je, wajua kwa nini ubao wa vishale haubaki na matundu?

Ukitoka Segera kwenda Tanga mjini, kuanzia Hale mpaka Muheza, mkonge unakusindikiza pande zote mbili za barabara. Wengi wetu tukiuona tunawaza kamba, magunia na mazulia. Lakini ule ubao wa duara wa mchezo wa vishale unaotundikwa kwenye klabu na baa, ule wa kurushia vishale vya ncha ya chuma, nao ni katani, yaani nyuzi za mkonge huohuo. Unachomwa mwaka mzima, na bado uso wake hauna matundu. Inawezekanaje?

Siri ni kwamba nyuzi zimesimamishwa. Ubao umejengwa kwa mafungu ya katani yaliyokatwa vipande vifupi, yakapangwa wima, kisha yakabanwa kwa nguvu kubwa ndani ya pete ya chuma. Baada ya hapo uso husuguliwa mpaka uwe laini na kupakwa rangi. Kwa hiyo mrushaji anatazama ncha za nyuzi, si ubavu wake. Chukua fagio la chelewa lililofungwa kwa kukazwa, lielekeze ncha juu, halafu sukuma msumari katikati: chelewa zinaachia nafasi, msumari unakaa, na ukiuchomoa zinarudiana. Kishale hufanya vivyo hivyo. Hakikati nyuzi, kinapenya katikati yake, na mbano wa pete ndio unaoziba njia kikitoka.

Si kila uzi unaiweza kazi hiyo. Pamba ingelala na kubonyea. Katani ni ngumu, imenyooka, na ikisukumwa hurudi. Ugumu huo unatokana na kazi yake ndani ya jani, maana nyuzi ndizo zinazolifanya jani refu na zito la mkonge lisimame bila kuinama. Kuzitoa kunahitaji korona, mashine inayoponda jani na kukwangua nyama yote huku maji yakisafisha, kisha katani huanikwa juani na kupigwa brashi. Katika kilo 100 za majani hupati zaidi ya kilo 5 hivi za katani kavu. Ndiyo maana naiheshimu kila ninapoiona imeanikwa, nyeupe, kwenye nyaya za kiwandani.

Zamani mbao za vishale huko Uingereza zilichongwa kwa mti wa Ulaya uitwao elm. Zilikuwa na shida: zikikauka zinapasuka, hivyo ilibidi ziloweshwe majini usiku ili matundu yajifunge. Miaka ya 1930 kampuni ya Nodor ya London ikaleta ubao wa katani, na wachezaji wakaachana na kulowesha. Wakati huo mkonge ulikuwa umeshatia mizizi Tanganyika. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na kati ya miche aliyoagiza ni 62 tu iliyofika pwani yetu ikiwa hai.

Sasa usalama, jambo ambalo wachezaji wengi wanalipuuza. Hatari kubwa ni kishale kinachogonga waya unaogawa vipande vya namba ubaoni na kurudi kwa kasi kuelekea miguuni, au usoni mwa mtoto aliyesogea karibu. Mbao za zamani zilikuwa na waya wa mviringo uliopigiliwa kwa pini za chuma, na kila pini ilikuwa mahali pa kishale kudunda. Mbao bora za leo zina waya mwembamba kama ukingo wa wembe, usio na pini, ambao hukielekeza kishale pembeni kiingie kwenye katani. Ukinunua ubao, tazama waya kabla ya rangi.

Tazama na ncha za vishale vyako. Ncha iliyojikunja kama ndoana huvuta nyuzi nje kila unapochomoa, na ubao unaharibika upesi kuliko kwa kuchezwa sana. Isugue taratibu kwenye jiwe la kunolea mpaka iwe laini, ila usiifanye kali kama sindano. Wakati wa kuchomoa, zungusha kishale kidogo huku ukivuta. Kila baada ya muda geuza ubao na uhamishe pete ya namba, kwa sababu kipande cha 20 ndicho kinacholengwa zaidi na ndicho kinachochakaa kwanza.

Kitovu cha ubao kiwe mita 1.73 kutoka sakafuni, na mstari wa kurushia uwe mita 2.37 kutoka usoni mwa ubao. Usiweke benchi wala meza ya wageni ndani ya nafasi hiyo. Kwa sisi wa pwani kuna la ziada: katani hunywa maji ikavimba, na ubao uliovimba hutoa vinundu visivyorudi. Usiuloweshe hata kidogo, wala usiutundike kwenye ukuta wenye unyevu au kibarazani panapofikiwa na mvua ya masika.