Kupiga gitaa kwa hisia, eti lazima uzaliwe nazo?

Wengi tumekua tukisikia kwamba hisia za kwenye gitaa mtu anazaliwa nazo, ukikosa ndo basi tena, hata ufanye mazoezi vipi utabaki kupiga noti tu. Naelewa inakotoka hiyo, maana ukimsikia fundi mwili unasisimka na huwezi hata kusema kafanya nini. Ila mengi anayofanya yanasikika kabisa: anachelewesha noti kidogo nyuma ya mapigo, anavuta uzi sauti ipande taratibu, anautikisa kwa kidole, hapa anagusa kidogo pale anakandamiza, na anajua kunyamaza (hapo ndo wengi tunafeli). Chukua rumba ya Kongo, kwenye sebene (ile sehemu ya wimbo ya kucheza, magitaa yanapotawala) gitaa la solo linaweza kurudia kipande kifupi tu cha noti chache, utamu unatoka kwenye jinsi linavyojibizana na gitaa la rizimu na la mi-solo (lile linalokaa kati ya solo na rizimu). Kipaji kinasaidia, sikatai, lakini hayo yote yanafanyiwa mazoezi. We weka wimbo unaoupenda kwa nusu spidi usikilize noti moja inaanzaje na inaishaje, halafu jirekodi kwa simu ukipiga noti zilezile tatu kwa namna mbili, mpe mshkaji asikilize bila kumwambia kitu, uone kama atasikia tofauti.