Alama ya kikomo ya kujiunga na chuo ni nini?

Alama ya kikomo ni alama za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi katika kozi fulani, mwaka fulani. Wazazi na wanafunzi wengi huidhania kuwa kizingiti kilichowekwa na chuo kabla ya maombi kupokelewa, kumbe hujulikana baada ya nafasi zote kugawanywa. Kizingiti halisi ni kingine: gredi ya C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, kwa kozi za shahada, pamoja na gredi za masomo ambayo kozi yenyewe inayataka. Waliovuka hapo hupangwa na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, kwa alama za klasta, yaani alama zinazokokotolewa kwa masomo yanayohusiana na kozi, ambazo upeo wake ni 48, na nafasi zinapoisha, alama za yule aliyeifunga orodha ndizo kikomo.

Kwa lugha ya uchumi, hiyo ni bei. Mfano wake uko soko la Kibuye, Kisumu. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na wakati wa mbalamwezi taa hizo hazina mvuto uleule, kwa hiyo samaki wanaofika ufuoni hupungua ilhali walaji ni walewale. Muuzaji asiyetaka kuwaudhi wateja wake huenda asiipandishe bei ya gorogoro. Badala yake, kopo alilokuwa akilijaza hadi likafanya kichuguu juu, sasa analisawazisha kwa kiganja. Uhaba umepita mlango mwingine.

Vyuoni mambo huenda vivyo hivyo. Kabla ya mfumo mpya wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali katika chuo kikuu cha umma alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe anasomea udaktari au ualimu. Karo ikizuiwa kupanda, hupanda alama. Nafasi za udaktari, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Maseno, hutegemea maabara, wahadhiri na hospitali ya mafunzo, vitu ambavyo haviongezeki kwa sababu tu waombaji wameongezeka. Kwa hiyo kikomo cha juu hakithibitishi kwamba kozi ni ngumu, wala kikomo cha chini hakithibitishi kwamba ni dhaifu. Huenda kozi hiyo ina nafasi nyingi tu, au haijulikani vijijini.

Kikomo kisichanganywe na kiwango cha udahili, yaani sehemu ya waombaji wanaokubaliwa. Tuchukue mfano wa kubuni: kozi moja ina nafasi 60 na waombaji 600, ya pili ina nafasi 60 na waombaji 120. Ya kwanza inapokea asilimia 10, ya pili asilimia 50, na msomaji wa haraka atasema ya kwanza ndiyo yenye ushindani mkali. Lakini iwapo wale 120 wote wana A na A-, na miongoni mwa wale 600 wengi ni wenye C+ wanaobahatisha, kikomo cha kozi ya pili kitakuwa juu zaidi. Kiwango cha udahili hueleza urefu wa foleni, si nani wamesimama ndani yake.

Jambo linalowaponza wengi, kwa maoni yangu, ni kwamba kikomo wanachokisoma wakati wa kuchagua kozi ni bei ya msimu uliopita. Mkulima wa Molo anayeona viazi vimepata bei nzuri hupanda zaidi, na majirani zake nao hupanda, hata wakati wa kuvuna bei ikaanguka. Kwa waombaji mambo hugeuka: kozi iliyofungwa na alama 35 mwaka jana huwavutia wote wenye 36 mwaka huu, na kwa kukimbilia kwao huko wanaipandisha hadi baadhi yao wanaachwa nje na alama ambazo mwaka jana zingetosha.