"Lilikuwa kofi tu": sikio, PF3 na kifungu cha 66

Mama mmoja aliingia ofisini kuniuliza mambo ya sheria, akakisogeza kiti mpaka sikio lake la kulia likawa upande wangu. Shikamoo yangu ya kwanza hakuisikia. Nyumba yake iko Makorora, hapa Tanga mjini. Mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane, lakini sikio ni hilohilo.

"Lilikuwa kofi tu, mwanangu," akaniambia kuhusu mumewe. "Mawifi wamekuja, tumekalishwa, yamekwisha. Nataka kujua hili sikio nitadaije."

Hilo neno "tu" nalisikia karibu kila wiki, na linaniuma, kwa sababu sheria haiishii kwenye mkono uliopiga. Inatazama mkono umeacha nini mwilini. Kofi lisiloacha alama ni shambulio la kawaida, kifungo kisichozidi mwaka 1. Likiacha uvimbe au michubuko, tunaingia kwenye shambulio la kudhuru mwili, hadi miaka 5. Na Kanuni ya Adhabu inapoeleza madhara makubwa, inataja jeraha la kudumu au zito la kiungo au mlango wa fahamu. Kusikia ni mlango wa fahamu. Hapo ni hadi miaka 7. Kofi ni lilelile.

Kinachopambanua haya mbele ya hakimu, mara nyingi, ni PF3, fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza kuhusu jeraha. Unaripoti polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, unapewa namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) na fomu, unakwenda nayo hospitali, daktari anajaza, unairudisha. (Ukiwa na hali mbaya, tibiwa kwanza, fomu itafuata.) Ya mama huyu ilijazwa kwenye kituo kimoja cha afya, na mahali pa maelezo ya jeraha palikuwa na maneno matatu: "maumivu ya sikio". Hakuna aliyemulika ndani. Maumivu hayathibitishi madhara makubwa, na kwa maneno hayo matatu mashtaka yangeishia chini kabisa.

Nikamwomba arudi aonwe na daktari wa masikio. Akaandikiwa kwamba ngoma ya sikio la kushoto imetoboka na usikivu umepungua. Tobo la namna hii mara nyingi huziba lenyewe kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kipimo cha mapema kinaonyesha kilichotokea, na kipimo cha baadaye ndicho kinachoonyesha kama hasara ni ya kudumu. Vyote viwili vinahitajika. Ukienda baada ya miezi sita tu, wakili wa upande wa pili atauliza sikio liliharibika lini.

Kuhusu kikao cha mawifi: kesi ya jinai ikishafunguliwa ni ya Jamhuri, si ya mke wala ya ukoo. Mahakama inaweza kuhimiza suluhu kwenye makosa mepesi kama shambulio la kawaida, ila si kwenye makosa makubwa. Na yule anayesema mke hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, amekosea. Mume akishtakiwa kwa kumdhuru mkewe, mke ni shahidi halali, na mahakama inaweza hata kumlazimisha aseme.

Wapo pia wanaoniambia mume ana haki ya "kumrudi" mkewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mwanandoa yeyote kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hata mila ikisema vingine. Kifungu hicho kina zaidi ya miaka 50.

Penye upungufu nitasema wazi. Tanzania Bara haina sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani. Vuka mpaka wa Horohoro uingie Kenya, utakuta sheria ya mwaka 2015 inayompa mtu amri ya ulinzi dhidi ya anayemtesa. Kwetu, Sheria ya Ndoa inaruhusu mahakama kumzuia mwanandoa asimbughudhi mwenzake, lakini mpaka pawepo shauri la ndoa mahakamani, au talaka au utengano uwe umeshatolewa. Mama wa Makorora hataki talaka. Anataka kulala bila hofu, na kwa hilo sheria yetu haijamtengenezea mlango. Ningependa wabunge wetu walitazame hili.

Swali lake la kudai lina majibu mawili. Mshtakiwa akitiwa hatiani, mahakama inaweza kuamuru alipe fidia ndani ya kesi ileile ya jinai. Au afungue madai ya kawaida, kwani Sheria ya Ndoa haimkingi mume na madai ya mkewe kwa madhara aliyomtendea. Wanadaiana kana kwamba hawakuoana. Muda wa kufungua madai hayo ni miaka 3 tangu tukio.

Nilipomuuliza kama ana risiti, alitoa kwenye pochi kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na karatasi za dawa, za kipimo, na vikaratasi alivyoandika mwenyewe kwa peni nauli za daladala za kwenda na kurudi hospitali, kila kimoja na tarehe yake.