Chakula, vidonge vya lishe na sonona: maswali yanayoulizwa sana Dodoma

Sonona si mawazo tu ya maisha?

Mawazo kila mtu anayo. Sonona ni huzuni, au kukosa hamu hata ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, inayokukaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Huja na uchovu, usingizi kuvurugika, kula kupungua au kuzidi, na kujiona hufai. Ni ugonjwa, na unatibika.

Je, mtu anaweza kupata sonona kwa sababu ya kula vibaya?

Mara nyingi sababu ni nyingi na zimeshikana: kurithi, msiba, kipigo nyumbani, madeni, ulevi, maradhi ya muda mrefu, kujifungua. Lishe duni huongeza mzigo juu ya hayo. Tena kuna upungufu unaofanana sana na sonona. Mama aliyepungukiwa damu huamka amechoka na hana hamu na lolote. Upungufu wa vitamini B12 huweza kuvuruga hisia na kumbukumbu, na tezi ya shingo ikizembea, mwili na akili vyote hupoa. Kwa hiyo usishangae daktari akikuandikia kipimo cha damu kabla ya kusema lolote.

Kuna ushahidi kwamba kula vizuri kunasaidia?

Upo, ingawa bado ni mdogo. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya utafiti uitwao SMILES. Watu 67 wenye sonona waligawanywa: kundi moja lilisaidiwa na wataalamu wa lishe kula mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, kunde, samaki na karanga; la pili lilipata mtu wa kuzungumza naye tu. Baada ya wiki 12, karibu theluthi moja ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya wenzao. Wengi wao lakini walikuwa wakiendelea na matibabu yao, na hilo wauza virutubisho hawalitaji.

Vyakula hivyo vya nje sisi tutavipata wapi?

Vingi viko soko la Majengo. Ugali wa mtama, uwele au dona, choroko, kunde, njugu mawe, karanga, dagaa, mayai. Kiangazi mboga mbichi zikiadimika, mlenda wa kukausha upo ndani. Ukiupika, ponda karanga uzitie humo, na magadi weka kidogo sana au acha kabisa, kwa kuwa huua baadhi ya vitamini. Kisha angalia kikombe kilicho pembeni ya sahani: chai ya rangi pamoja na chakula huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na kunde. Ihamishe, inywe saa moja au mbili baadaye. Mahali pake weka juisi ya ubuyu au kamulia limau kwenye mboga. Vitamini C husaidia chuma kuingia. Dagaa nao wasiachiwe baba peke yake. Mama anayenyonyesha anawahitaji kuliko yeyote hapo mezani.

Nimeuziwa kopo la omega 3 (mafuta kama ya samaki) na vitamini D, nimeambiwa linamaliza sonona.

Hilo si kweli, na inaniuma kuona familia ikitoa pesa ya mboga ya mwezi mzima kwa ahadi hiyo. Nchini Marekani, watu zaidi ya 18,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea walifuatiliwa kwa takribani miaka 5. Wala vitamini D wala omega 3 haikuwakinga na sonona. Vidonge vina kazi pale kipimo kinapoonyesha upungufu, au kwa mjamzito anayepewa chuma na foliki kliniki. Vidonge vya aina hiyo meza bila wasiwasi.

Kuna mmoja wa kuogopwa: mmea uitwao St. John's wort, unaouzwa kama dawa ya asili ya huzuni. Hupunguza nguvu ya dawa za kufubaza VVU, vidonge vya uzazi wa mpango na hata njiti, na ukichanganywa na dawa za sonona kama fluoksetini unaweza kuhatarisha maisha. Chochote unachomeza, mwambie daktari, hata kama ni cha mitishamba.

Glasi ya mvinyo wa zabibu usiku inisaidie kulala?

Hapana. Pombe hukulaza upesi na kukuamsha usiku wa manane, na sonona huzidi.

Nikianza kula vizuri niache dawa?

Usiache. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kuzikatisha ghafla huleta matatizo mapya. Zungumza na aliyekuandikia.

Ndugu yangu hataki kula kabisa. Tufanyeje?

Msimgombeze. Mpe kidogo kidogo: uji wa ulezi wenye karanga, yai, ndizi, kaeni naye mkila pamoja. Akikataa hata maji, au akianza kusema heri afe, asiachwe peke yake. Ondoeni dawa za kuua wadudu wa mimea na vidonge mahali anapofikia, na siku hiyohiyo mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu. Kwa walio mjini Dodoma, hospitali ya Mirembe hutibu magonjwa ya akili.