Dawa ya magugu ya 2,4-D haiui magugu tu, jamani

Huku Moshi nasikia sana hii, eti 2,4-D "inaua magugu tu", kwa hiyo mtu anaenda kuipiga kwenye shamba la desmodiamu, yale malisho ya ng'ombe, baada ya siku chache majani yanajisokota anabaki kulaumu duka la pembejeo. Sikia, hiyo dawa inaua majani mapana, inaacha jamii ya nyasi, ndo maana mahindi yanapona. Sasa desmodiamu, alfalfa na klova zote ni jamii ya kunde, majani mapana hayo, zinapona vipi?

Kama kinachokusumbua ni sangari, ambalo ni gugu la jamii ya nyasi, zipo dawa za kuua nyasi peke yake, ulizia zenye fluazifopu au kletodimu, ila lebo isomwe, hasa siku za kusubiri kabla ya kulisha. Ndago haziguswi na hizo maana ndago sio nyasi, hata kama zinafanana (zile bwana ni jembe na roho ngumu).

Magugu ya majani mapana palilia mapema, desmodiamu changa inakua polepole mno, ikishatanda yenyewe inayafunika. Yaliyobaki fyeka kabla hayajatoa mbegu.