Makaa ya Kitui ni yapi?

Juzi tena nimemsikia mtangazaji akisema kaunti ya Kitui hapa Kenya ina "historia ndefu ya jamii za wachimba makaa". Haikupita dakika mbili akawa ameshatoka kwenye magunia ya makaa ya jikoni kando ya barabara ya Mwingi na kuingia bonde la Mui, lenye makaa ya mawe, kana kwamba anaendelea na habari ileile.

Makaa ya mawe ni mwamba mweusi unaowaka, uliotokana na mimea iliyofukiwa kwenye vinamasi mamilioni ya miaka iliyopita. Makaa ya jikoni ni mti uliochomwa huku umenyimwa hewa.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Kaa ni kipande kimoja, kiwe kimezimika au kinawaka, ndiyo maana tunasema kaa la moto. Zamani lilikuwa na l katikati. Wachewa husema makala, Kilingala vilevile makala, Wakikuyu makara, Wanyarwanda amakara. Kiswahili kiliimeza l hiyo kama kilivyoimeza kwenye njala ikawa njaa, na mvula ikawa mvua. Kwa hiyo neno hili ni la kale kuliko mgodi wowote wa huku, na asili yake ni moto wa kuni. Jiwe linalowaka lilipohitaji jina, lilipewa lile la jikoni, likaongezewa "ya mawe". Nyongeza hiyo ndiyo inayobeba tofauti yote, na ndiyo tunayoikata kila siku. Watanzania wana nafuu kidogo, maana cha jikoni wanakiita mkaa. Ukisikia makaa ya mgodi wa Kiwira au wa Ngaka kule Mbinga, hupotei. Sisi Kenya vyote ni makaa.

Basi tuangalie kitenzi: makaa huchomwa, makaa ya mawe huchimbwa. Mchoma makaa wa Kitui hukata mgunga, hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha hukesha akitazama moshi. Ukiwa mweupe na mzito, mti bado una maji. Ukiwa mwembamba wa samawati, anaziba matundu. Shika kaa lake: ni jepesi, ukiligonga linalia kama kigae, na pete za mti bado unaziona. Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipopiga marufuku biashara ya kupeleka makaa nje ya kaunti, aliyekosa unga nyumbani ni mtu huyu.

Wa Mui habari yao ni nyingine kabisa. Ni wakulima na wafugaji, watu wa mtama, pojo na mbuzi. Serikali ilikuja ikatoboa ardhi kutafuta makaa ya mawe, ikaligawa bonde vitalu vinne, A hadi D. Kitalu C peke yake kilikadiriwa kuwa na tani milioni 400. C na D vikapewa kampuni ya China. Tangu hapo mwenye shamba anajiuliza kama apande mwembe au asubiri fidia, na swali hilo limezeeka naye. Kiwanda cha umeme cha Lamu, cha megawati 1,050, kilitarajiwa kuanza na makaa ya mawe ya nje kisha baadaye kutumia ya Mui. Leseni yake ya mazingira ilifutwa Juni 2019.

Ukiwaita watu hawa wachimba makaa, unawapa mshahara wa mgodi ambao hawajauona, na msikilizaji wa Nairobi anawatwika lawama ya miti iliyokatwa.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, historia ya wachoma makaa wa Kitui ipo, na ni ndefu kweli, isimulie. Walioko Mui ni wakulima wanaoishi juu ya makaa ya mawe. Siku nyingine tafadhali yataje maneno yote matatu, makaa ya mawe, hata kama muda wa hewani ni mfupi.